Baada ya Gwaride: Timu na Vikundi vya Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa

Kwa kawaida kijana wa Tanzania hapati mafunzo ya kijeshi akiwa bado sekondari. Huyapata akishamaliza kidato cha sita, katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kwa hiyo historia ya timu za mpira, kwaya, bendi na vikundi vya ngoma vya vijana hao ni historia ya kambi kuliko ya shule. Nchi nyingine zilifuata njia tofauti. Marekani ilianzisha mafunzo ya maofisa wadogo katika shule za sekondari kwa sheria ya ulinzi ya mwaka 1916, na India ikaunda kikosi chake cha kitaifa cha vijana wa shule na vyuo mwaka 1948. Huko mwanafunzi husoma asubuhi, na jioni hujiunga na timu ya kulenga shabaha au ya kwata papo hapo shuleni, kisha hurudi nyumbani kulala. Tanzania ilimhamisha kijana kutoka nyumbani na shuleni kwa pamoja, ikamweka mahali asipojulikana, na kumtaka aanze upya na wenzake.

Kijana wa Mutuka, mojawapo ya kata za Babati Mjini mkoani Manyara, hupitia njia hiyo hiyo. Jina lake hutoka katika orodha ya JKT pamoja na jina la kambi aliyopangiwa. Kambi za jirani ni Makuyuni, iliyo kando ya barabara kuu ya Babati kwenda Arusha, na Oljoro iliyo karibu na Arusha, lakini anaweza kupangiwa Bulombora mkoani Kigoma, Rwamkoma mkoani Mara au Mlale mkoani Ruvuma. Tangazo la wito humtajia vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba za michezo, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, suti ya michezo, vyeti vyake na nauli. Wenye ulemavu unaoonekana huelekezwa kambi ya Ruvu, Mlandizi, yenye miundombinu inayowafaa. Vitu vingi katika orodha hiyo ni vya mwanamichezo. Bunduki na gwanda atavikuta huko huko. Raba anatakiwa afike nazo.

Vijana wa Afrika Mashariki walijua kujipanga katika vikundi vyenye sura ya jeshi zamani kabla ya JKT. Katika miaka ya 1890 ngoma ya beni ilizuka katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa zikiwa za mbele. Washiriki walivaa mavazi ya kijeshi, wakacheza kwa hatua za gwaride, wakapiga tarumbeta na ngoma za bendi, na wakapeana vyeo vya mfalme, jenerali na kapteni. Mashindano makubwa yalikuwa kati ya Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyopata matawi katika mji baada ya mji. Vita Kuu ya Kwanza ilipowasomba askari na wapagazi kuelekea bara, beni ilikwenda nao. Tabora, Nairobi na hata miji ya migodi ya Kongo ilipata vyama vyake. Beni haikuwa mchezo tu. Chama kilizika wanachama wake, kilimpokea mgeni aliyetoka mbali na kutunza fedha za pamoja. Serikali ya kikoloni ilikitazama kwa wasiwasi, maana humo Waafrika walijifunza kuongoza watu wengi bila kusimamiwa na mzungu. Utaratibu wa vikundi kushindana kwa wimbo, hatua na mavazi ndio unaoonekana leo kombania mbili, yaani vikosi viwili vya kambi moja, zinapopambana, ingawa hakuna aliyeuandika katika kanuni za JKT.

Shule za kikoloni zilichukua njia ya Kiingereza. Huko Kenya, shule za wavulana wa Kizungu kama Prince of Wales na Duke of York za Nairobi zilikuwa na vikosi vya wanafunzi vilivyofundishwa kijeshi. Mwanafunzi wa Kiafrika hakuwa na nafasi humo. Nchini Tanganyika, vijana wa Kiafrika waliruhusiwa kujiunga na skauti. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1922 na kutumika kuwalea watoto wa machifu, ilikuwa na mabweni, viranja, mpira, riadha na midahalo kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942, akawa skauti na kiranja. Rashidi Kawawa naye alipita hapo. Baada ya uhuru, shule za sekondari zilipogawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu katika miaka ya 1970, Tabora ilijulikana kwa mchepuo wake wa kijeshi. Kati ya shule za serikali ndiyo iliyokaribia zaidi kile ambacho nchi nyingine hukiita shule ya makadeti.

Wazo la JKT lilitokana na Umoja wa Vijana wa TANU. Lilijadiliwa katika mkutano wao mkuu wa Tabora Agosti 1962, Baraza la Mawaziri likaliridhia Aprili 19, 1963, na Julai 10 mwaka huo huo jeshi hilo likazaliwa, Mgulani jijini Dar es Salaam ikiwa kambi yake ya mwanzo. Wataalamu kutoka Israeli walisaidia kuliweka sawa, wakitumia uzoefu wa vikosi vyao vya vijana vilivyochanganya kilimo na ulinzi. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Tanganyika Rifles ilivunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lililoundwa Septemba 1, 1964, lilijengwa kwa vijana walioandaliwa kisiasa, wengi wao kupitia Umoja wa Vijana wa TANU. Tangu hapo taifa lilitaka askari aliye karibu na raia. Timu na vikundi vya sanaa vilikuwa njia mojawapo ya kumweka karibu nao.

Kazi za JKT hutajwa kuwa tatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Michezo na sanaa huwekwa chini ya malezi, na kwa haki. Waasisi walikusanya vijana waliozungumza lugha mbalimbali nyumbani, wenye dini mbalimbali, wengine wakiwa hawajawahi kuvuka mpaka wa wilaya yao. Amri huweza kuwasimamisha katika mstari mmoja, lakini haiwezi kuwafanya wafahamiane. Mwaka 1966 sheria ilirekebishwa ili wahitimu wa kidato cha sita na vyuo wawajibike kutumikia miaka miwili, sehemu kambini na sehemu kazini huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga. Nyerere aliwafukuza mamia yao, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na utaratibu ukabaki. Wasomi waliofuata waliingia kambini kwa lazima, wakalala hanga (bweni) moja na vijana wa darasa la saba waliojitolea, na kombania ikawa kijiji chao kipya. Uwanjani elimu haikumpa mtu nafasi. Aliyejua kufunga mabao alipangwa kwanza.

Siku ya kambini huanza kabla ya mapambazuko kwa mchakamchaka. Mbio hizo huendeshwa kwa nyimbo ambazo vijana huziita chenja: mmoja hutoa sauti, wengine huitikia, na hatua hufuata pigo la wimbo. Mwenye sauti nzuri na kumbukumbu kali hujulikana kambi nzima ndani ya wiki moja, hata kama gwaride linamshinda. Baada ya mbio hufuata usafi, kwata, masomo ya uraia na silaha, kisha kazi za shamba au ujenzi. Jioni ndiyo wakati wa timu. Mpira wa miguu, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono, kuvuta kamba na riadha huchezwa kombania kwa kombania. Ushindani huo ni mkali kuliko ule wa timu kubwa za kambi. Sababu yake ni nyepesi: timu ya kombania huchukua kila mtu. Asiyechezea mpira huvuta kamba, asiyevuta kamba hubeba maji na kushangilia, na ushindi husherehekewa na hanga zima.

Vikundi vya sanaa ni vya aina tatu kuu. Kuna kwaya, inayoimba nyimbo za taifa, za kambi na zile zinazotungwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Kuna vikundi vya ngoma, ambavyo hufanya kazi ambayo darasa haliwezi kuifanya: kijana wa Kigorowa au wa Kiiraqw kutoka Babati hufundishwa ngoma ya Wamakonde na mwenzake wa Mtwara, naye humfundisha mwenzake hatua za kuruka za kwao. Kisha kuna wale wa maonyesho ya kijeshi yenyewe, yaani gwaride la kimyakimya, kwata la singe na michezo ya ukakamavu. Gwaride la kimyakimya lastahili maelezo. Kikosi hupewa amri moja ya kuanza, halafu hugeuka, hutembea kwa mwendo wa pole na wa haraka, hubadilisha mistari na kuzungusha silaha bila amri nyingine yoyote. Kila mmoja huhesabu moyoni. Akikosea mmoja, uwanja mzima huona. Kwa hiyo wanaochaguliwa si wenye nguvu zaidi, ni wale wanaoweza kusikilizana bila kusemezana, na mazoezi yake huchukua jioni nyingi baada ya wengine kwenda bwaloni.

Baadhi ya vikundi vilivuka uzio wa kambi vikawa mali ya taifa. Katika enzi ya dhahabu ya muziki wa dansi, karibu kila chombo cha dola kilikuwa na bendi yake. JWTZ ilikuwa na Mwenge Jazz na mtindo wake wa Paselepa. JKT ilikuwa na Kimulimuli, ambamo Zahir Ally Zorro alipata jina. Wanamuziki hao walikuwa waajiriwa, na hawakuwa vijana wa mafunzo. Hata hivyo kijana aliyepiga gitaa au tarumbeta kambini aliona mbele yake ngazi ya kupanda: kutoka bendi ya kambi hadi bendi inayosikika Redio Tanzania. Ngazi hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wachukue mazoezi ya jioni kwa uzito.

Riadha nayo ilikuwa na ngazi yake. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu, alikuwa mwanajeshi wa JWTZ alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch Februari 2, 1974. Juma Ikangaa, naye ofisa wa JWTZ, alishinda mbio za New York mwaka 1989. Ukanda wa Babati, Mbulu na Hanang ulikuwa umekwisha kujulikana kwa wakimbiaji: John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na jeraha la mguu, na Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Kijana wa nyanda hizi anapofika kambini, mchakamchaka kwake si adhabu. Jeshi liliwapa wakimbiaji kile ambacho kijiji hakikuweza kuwapa, yaani chakula cha uhakika, muda wa mazoezi, na mshahara hata mwaka ambao hawakushinda.

Shule zinazomilikiwa na majeshi zilichukua sehemu ya kazi hii. JKT ina Jitegemee iliyopo Mgulani na Kawawa iliyopo Mafinga. JWTZ ina Makongo, iliyo jirani na Lugalo, pamoja na nyingine kama Airwing, Kizuka, Unyanyembe na Ruhuwiko. Wanafunzi wake ni raia na hawaapi kiapo cha askari, lakini walimu wengi ni wanajeshi na nidhamu ya shule hufuata mkondo huo. Makongo ndiyo iliyovuma kuliko zote, na mtu aliyeivumisha ni Kanali Idd Kipingu, mkuu wa shule ambaye pia alikuja kuongoza Baraza la Michezo la Taifa. Kipingu alitafuta vipaji mikoani, akawapa vijana shule na bweni, na akataka wasome huku wakicheza. Juma Kaseja, kipa wa Taifa Stars kwa miaka mingi, na mshambuliaji Jerry Tegete walipitia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara iliposimamisha mashindano ya shule, thamani ya shule iliyochukulia mchezo kama sehemu ya malezi ilionekana wazi. Uamuzi ule wa kusimamisha ulikuwa kosa kubwa, na ilichukua miaka kadhaa kabla mashindano hayo ya shule, yaani UMISSETA, kurejeshwa.

JKT lenyewe lilikuwa limepata pigo kubwa zaidi. Mwaka 1994 mafunzo kwa vijana yalisitishwa kwa uhaba wa fedha. Vijana wa kujitolea walianza tena kupokelewa mwaka 2001, lakini wahitimu wa kidato cha sita walikaa nje kwa karibu miaka 20. Watu husema mengi kuhusu athari zake kwa uzalendo. Athari kwa timu na vikundi hazisemwi sana, nazo zilikuwa kubwa. Chenja haziandikwi, hupokezwa na kundi linaloondoka kwa kundi linaloingia. Mnyororo ukikatika, wimbo unakufa. Waliorudi walilazimika kutunga nyingi upya, na nyimbo za leo zina ladha ya bongo fleva ambayo kuruta wa mwaka 1980 asingeitambua.

Machi 26, 2013 Rais Jakaya Kikwete alizindua upya mafunzo ya wahitimu wa kidato cha sita, yaitwayo ya mujibu wa sheria, katika kambi ya Ruvu, na wabunge vijana kadhaa wakaingia kambini pamoja na wahitimu. Kila kundi hupewa jina la operesheni, na jina hilo hubaki kwa mhitimu maisha yake yote: Operesheni Miaka 50 ya Muungano, Operesheni Kikwete, Operesheni Magufuli. Operesheni Mererani ilichukua jina lake mkoani Manyara, ambako JKT na JWTZ walijenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite, uliozinduliwa Aprili 6, 2018.

Kati ya vijana wa mujibu wa sheria na vijana wa kujitolea kuna tofauti ambayo huamua sura ya timu. Wa mujibu hukaa miezi mitatu. Wa kujitolea huingia kwa mkataba wa miaka miwili. Timu za kambi zinazoingia katika mashindano rasmi hutegemea wa kujitolea na askari, kwa sababu miezi mitatu haitoshi kumjenga mchezaji wala mpiga tarumbeta. Vijana wa mujibu huishia katika timu za kombania na kwaya ya siku ya kufunga mafunzo. Huu ni upungufu wa kweli wa mpango wa sasa, na haumalizwi kwa shangwe za siku moja.

Katika ligi, majina ya kambi yamefika mbali. JKT Oljoro ilicheza Ligi Kuu ikitumia uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikawa timu ya jeshi iliyo jirani zaidi na mashabiki wa Babati, hadi iliposhuka mwaka 2014 pamoja na Rhino Rangers ya Tabora, timu nyingine ya askari. Mgambo ya Tanga na Ruvu Shooting nazo zilikuwa na zamu zao. Iliyobaki juu ni JKT Tanzania, ambayo zamani iliitwa JKT Ruvu na sasa hucheza uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni.

Wanawake wamefanya vizuri zaidi. JKT Queens ilitwaa ubingwa wa ligi ya wanawake msimu wa 2017/18 na 2018/19, ikautwaa tena 2022/23, ikashinda mashindano ya CECAFA mwaka 2023 na kwenda Ivory Coast kucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Katika netiboli, JKT Mbweni imekuwa timu ya kuogopwa. Ajira ndiyo siri ya mafanikio haya. Msichana anayecheza mpira mtaani huulizwa na jamaa zake ataolewa lini. Anayechezea JKT ana mafunzo, posho na matumaini ya kuajiriwa, na wazazi hukubali kwa moyo mweupe. Zanzibar, Jeshi la Kujenga Uchumi, JKU, limefuata njia kama hiyo, na timu yake ya soka imekuwa bingwa wa visiwa hivyo.

Babati ilipata siku yake Oktoba 14, 2023, kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilipofanyika katika uwanja wa Tanzanite Kwaraa mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ilikuwa miezi mitatu tu baada ya JKT kutimiza miaka 60. Mwenge wenyewe ulipandishwa kileleni Kilimanjaro kwa mara ya kwanza na Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa uhuru wa mwaka 1961. Sherehe za namna hiyo huambatana na halaiki, ambapo mamia ya wanafunzi hujipanga kuunda maumbo na maandishi kwa miili yao. Kwa mtoto wa Mutuka ambaye bado yuko sekondari, halaiki, bendi ya shule, skauti na mchakamchaka wa asubuhi ndivyo vilivyo karibu zaidi na ukadeti. Humo hujifunza kugeuka kwa pigo moja, kuitikia wimbo na kumsubiri mwenzake, na akifika kambini miaka michache baadaye hatakuwa mgeni kabisa.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mwanajeshi wa JWTZ kutoka mkoa jirani wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, muda ule ule aliotumia Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Ushindi wake utakumbukwa bila juhudi ya mtu yeyote. Timu za kombania haziko hivyo: huvunjika siku ya kufunga mafunzo, wachezaji hutawanyika kwenda vyuoni, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayejua nani alifunga bao la fainali wala nani alitunga chenja iliyoimbwa na kambi nzima. JKT lingefanya vyema kuagiza kila kambi iwe na daftari la michezo na sanaa la kila operesheni, lenye majina, matokeo na maneno ya nyimbo, na nakala yake itunzwe makao makuu Chamwino. Waliopitia kambi kabla ya 1994 wengi wao wamestaafu sasa. Nyimbo na matokeo wanayoyakumbuka yaandikwe wangali hai.